Maumivu ya viungo kwa mbwa: Jinsi ya kuyapunguza bila kumdhuru mnyama

MBWA mlinzi ambaye kwa miaka minane alikuwa wa kwanza kufika langoni kila lilipobishwa, sasa huinua kichwa tu na kubweka akiwa amelala. Asubuhi huamka kwa kujikokota, miguu ya nyuma ikiwa imekakamaa, na hupiga hatua kadhaa kabla ya mwendo wake kunyooka. Aghalabu mwenye boma hukata kauli kwamba mbwa huyo amekuwa mvivu au amezeeka, na kuanza kuulizia mtoto wa mbwa wa kuchukua nafasi yake.

Katika visa vingi kinachomsumbua mnyama huyo si uvivu, wala si umri pekee. Ni yabisi ya viungo, maradhi yale yale yanayowafanya wazee wengi kushika magoti wanapoinuka kitini. Maradhi hayo hayana tiba ya kuyamaliza kabisa. Hata hivyo, maumivu yake yanaweza kupunguzwa kwa kiasi kikubwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani bila gharama ya kutisha.

Tatizo ni kwamba wafugaji wengi huanzia mahali pasipofaa, yaani kwenye kasha la dawa za familia. Humo mna tembe ambazo humtuliza binadamu lakini zinaweza kumuua mbwa.

Mifupa inapokutana, miisho yake hufunikwa na gegedu, utando laini na telezi unaoizuia kusuguana. Katikati mna ute unaolainisha kiungo jinsi mafuta yanavyolainisha bawaba za mlango. Gegedu halina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo likichakaa haliwezi kujirekebisha ipasavyo. Linapoendelea kukonda, kifuko cha kiungo hufura, ute hupoteza uzito wake, na mfupa huota vinundu vigumu pembezoni kana kwamba unajaribu kujitegemeza. Hapo ndipo kiungo hukaza na kuuma.

Kwa binadamu maradhi haya huhusishwa zaidi na uzee. Kwa mbwa, chanzo mara nyingi ni umbile la kiungo chenyewe. Mbwa wa jamii kubwa kama vile German Shepherd, Rottweiler, Labrador na Boerboel, ambao wanapendwa sana kwa ulinzi nchini, wako katika hatari ya kuzaliwa na urithi wa nyonga au visukusuku visivyoshikana vyema. Wengine hukatika kano ya goti, au huumia baada ya kugongwa na gari au pikipiki. Ndiyo maana mbwa wa miaka miwili anaweza kuwa na yabisi ilhali jirani yake wa miaka 12 anaruka ua. Makadirio yanayonukuliwa mara kwa mara nchini Marekani ni kwamba mbwa mmoja kati ya watano waliovuka umri wa mwaka mmoja ana maradhi haya kwa kiwango fulani.

Ugumu wa kuyatambua unatokana na hulka ya mbwa mwenyewe. Mbwa mwenye maumivu ya kudumu halii. Mwenyewe husubiri kusikia mlio, na asipousikia husema mnyama hana neno. Ishara za kweli ni za kimya kimya: kusita kabla ya kurukia gari, kupanda ngazi kwa kuruka na miguu miwili ya nyuma pamoja kama sungura, kulamba kiungo kimoja kila mara hadi manyoya yabadilike rangi, kucha kurefuka kwa sababu hazisuguliwi tena ardhini, na mapaja kunyauka huku mabega yakinenepa kwa kubeba mzigo wa mwili wote.

Tabia pia hubadilika. Mbwa aliyekuwa akicheza na watoto huanza kunguruma wanapomshika kiunoni. Si haki kumwita mkali kabla ya kuuliza kama anaumia, na ni hatari kwa watoto hao kulipuuza swali hilo.

Hata hivyo si kila kuchechemea ni yabisi. Mwiba au funza katikati ya vidole humfanya mbwa achechemee ghafla. Maradhi ya ehrlichia, yaliyotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka wa 1935 na ambayo huenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, yanaweza kufurisha viungo kadhaa kwa wakati mmoja pamoja na homa na kukosa hamu ya chakula. Hayo hutibiwa kwa dawa za kuua viini, na mbwa akipewa vituliza maumivu pekee hali yake huendelea kudorora. Kwa mbwa wakubwa, uvimbe mgumu wenye maumivu mguuni huenda ukawa saratani ya mfupa. Mguu ambao mbwa hataki kabisa kuukanyaga unahitaji daktari siku hiyo hiyo, wala si wiki ijayo.

Uchunguzi wenyewe si wa ajabu. Daktari wa mifugo humtazama mbwa akitembea, hukunja na kukunjua kila kiungo, na ikibidi humpiga picha ya eksrei. Kwa kuwa mbwa wengi husahau maumivu yao wanapofika kliniki kwa sababu ya hofu, video fupi ya simu inayomwonyesha akiamka asubuhi humsaidia sana daktari. Mjini Nairobi, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete ni miongoni mwa mahali ambapo huduma hiyo inapatikana. Mahali pengine ni vyema kuhakikisha kwamba anayeitwa daktari amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, jinsi inavyohitajika chini ya sheria ya mwaka wa 2011 inayosimamia taaluma hiyo.

Sasa turudi kwenye kasha la dawa. Ibuprofeni, diklofenaki na naproksini ni dawa ambazo Wakenya wengi huzinunua dukani bila kuandikiwa na daktari. Dawa hizi hufanya kazi kwa kuzuia kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Kemikali zizo hizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kudhibiti damu inayofika kwenye figo. Mwili wa mbwa huathirika upesi zaidi zinapozuiwa, na huchelewa kuiondoa dawa. Nusu ya naproksini aliyomeza binadamu huwa imeondoka mwilini baada ya takriban saa 12 hadi 17. Kwa mbwa huchukua kama saa 74. Anayempa mbwa tembe asubuhi na jioni basi humrundikia dawa juu ya dawa.

Uzito nao huongeza balaa. Tembe ya ibuprofeni ya miligramu 400 kwa mtu wa kilo 70 ni chini ya miligramu sita kwa kila kilo ya mwili. Kwa mbwa wa kilo 10, tembe hiyo moja ni miligramu 40 kwa kila kilo, karibu mara saba. Matokeo yake ni vidonda vya tumbo, kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami na, dozi ikizidi, figo kufeli. Wapo mbwa ambao tumbo hutoboka kabla mwenyewe hajashuku chochote.

Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, haimo katika kundi hilo lakini ina hatari zake. Madaktari wa mifugo huitumia kwa mbwa mara chache na kwa kipimo makini. Ikizidi huharibu ini na chembe nyekundu za damu. Kwa paka hali ni mbaya zaidi, kwani mwili wake hauna uwezo wa kutosha wa kuivunja, na tembe moja tu yaweza kumuua. Mwenye mbwa na paka nyumba moja anapaswa kulikumbuka hilo.

Kwamba dawa inayomfaa kiumbe mmoja inaweza kuwa sumu kwa mwingine si nadharia. Nchini India na Pakistan, mamilioni ya tai walao mizoga walitoweka tangu miaka ya 1990, na ni mwaka wa 2004 ambapo watafiti walithibitisha chanzo. Ndege hao walikuwa wakila mizoga ya ng'ombe waliotibiwa maumivu kwa diklofenaki, kisha figo zao zikifeli. Mwaka wa 2006, India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku matumizi ya dawa hiyo kwa mifugo. Ng'ombe aliivumilia, tai hakuweza.

Mafuta ya kuchua misuli pia hayafai. Mbwa hulamba chochote kinachopakwa mwilini mwake, na yale yenye salisilati au diklofenaki huishia tumboni. Mbwa akiwa amekwisha kumeza dawa ya binadamu, iwe amepewa au ameiiba mezani, mwenyewe ampigie daktari simu mara moja, akiwa na pakiti mkononi ili asome jina na kipimo. Kusubiri hadi atapike ni kuchelewa. Kumtapisha kwa maji ya chumvi, kama baadhi ya watu wanavyofanya, ni kumwongezea sumu nyingine.

Zipo dawa zilizotengenezewa mbwa. Karprofeni iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1996, na baada yake zikafuata nyingine zikiwemo meloksikamu na firokoksibu. Hizi ni za ukoo mmoja na ibuprofeni, ila zimepimwa kwa mbwa na vipimo vyake vinajulikana. Hata hivyo zinahitaji nidhamu. Damu hupimwa kwanza ili kujua hali ya ini na figo, dawa hutolewa pamoja na chakula, na maji yasikosekane. Mbwa akianza kutapika, kuhara, kukataa chakula au kutoa kinyesi cheusi, dawa husimamishwa na daktari kuarifiwa.

Meloksikamu inahitaji tahadhari ya pekee. Dawa hiyo hutengenezewa ng'ombe pia, na chupa ya ng'ombe huwa na miligramu 20 kwa kila mililita, ilhali ile ya maji ya kumnywesha mbwa huwa na miligramu 1.5 tu. Anayechota kutoka chupa isiyo sahihi kwa kijiko kile kile humpa mbwa dozi zaidi ya mara 13. Kosa kama hilo ni rahisi kufanyika nyumbani kwa mfugaji mwenye ng'ombe na mbwa, ambako dawa zote hukaa rafu moja.

Kisha kuna sindano ya deksamethasoni, ambayo baadhi ya wanaozunguka vijijini wakijiita madaktari huipenda kwa sababu mbwa hunyanyuka kesho yake na mwenyewe akalipa kwa furaha. Nafuu hiyo haidumu. Dawa za jamii hiyo zikirudiwa rudiwa hudhoofisha gegedu lenyewe na humpa mbwa njaa isiyoisha, hivyo akanenepa. Baya zaidi ni kuzichanganya na karprofeni au meloksikamu, kwani hapo vidonda vya tumbo huwa karibu kama ukucha na kidole. Daktari anayefuata lazima aambiwe kila sindano na kila tembe ambayo mbwa alipewa awali, hata kama mwenyewe anaona haya kusema.

Tramadoli, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiandikiwa mbwa wenye yabisi, imepoteza sifa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2018 uliwapima mbwa wenye yabisi ya kisukusuku au goti na haukuona nafuu yoyote iliyoletwa nayo.

Mbinu mpya zaidi ni sindano ya bedinvetmabu inayodungwa mara moja kwa mwezi. Haizuii uvimbe moja kwa moja, bali hunasa protini inayochochea neva kuhisi maumivu. Ugunduzi wa protini hiyo uliwapa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1986. Umoja wa Ulaya uliidhinisha sindano hiyo mwaka wa 2020, na Marekani mwaka wa 2023. Wapo mbwa wengi waliorejea kutembea kwa raha, lakini mnamo Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwatahadharisha madaktari wa mifugo kuhusu ripoti za madhara, yakiwemo kuyumbayumba, kifafa, kushindwa kuzuia mkojo na hata vifo katika visa kadhaa. Si dawa ya kuombwa kwa sababu jirani ameisifu.

Baada ya kusema hayo yote kuhusu dawa, huenda msomaji akashangaa kuambiwa kwamba tiba yenye nguvu kuliko nyingi kati yake ni sufuria ya chakula. Kuna utafiti wa Marekani ambao kila mwenye mbwa angefaa kuujua. Mbwa 48 aina ya Labrador waligawanywa wawili wawili tangu wakiwa wadogo, mmoja akipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake, kwa maisha yao yote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2002 yalionyesha kwamba waliokula kidogo waliishi miaka 13 kwa wastani, ilhali wenzao waliishi miaka 11.2. Kuhusu viungo, tofauti ilikuwa kubwa hata zaidi: yabisi ya nyonga ilionekana kwenye eksrei katika umri wa kati wa miaka sita kwa walioshiba, na miaka 12 kwa waliopunguziwa.

Kwa mbwa ambaye tayari anaumwa, haihitajiki akonde kupindukia. Utafiti mwingine wa mwaka wa 2010 kuhusu mbwa wanene wenye yabisi ulibaini kwamba kuchechemea kulipungua waziwazi walipopoteza takriban asilimia sita ya uzito. Kwa mbwa wa kilo 40, hizo ni kilo mbili na nusu hivi. Mafuta ya mwili hayafanyi kazi ya kuongeza mzigo tu. Hutoa pia kemikali zinazochochea uvimbe.

Kipimo cha unene ni mkono wa mwenyewe. Akipapasa ubavu wa mbwa anapaswa kuhisi mbavu kwa urahisi, kama mtu anavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chake. Akimtazama kutoka juu, kiuno kionekane. Mbwa aliye mraba kama kreti ya soda amenenepa, hata kama wageni humsifu kwa ukubwa. Uzito hupimwa kwa mtu kupanda mizani akiwa amembeba, kisha kujipima peke yake na kutoa tofauti. Aliye mzito asiyebebeka apelekwe kliniki.

Mbwa wengi wa Kenya hula ugali uliochanganywa na matumbo, omena au mabaki ya mezani. Si chakula kibaya, ila hakipimwi. Dawa ni kutumia kikombe kimoja kila siku, kupunguza ugali badala ya nyama, na kuhesabu kila anachopewa na watoto, mpishi na bawabu. Mara nyingi bawabu ndiye anayebatilisha mpango mzima kwa kipande cha chapati usiku wa manane, na ni yeye wa kuzungumziwa kwanza.

Mazoezi ni suala linalokanganya wengi. Kumfungia mbwa mwenye yabisi asitembee hukausha misuli inayotegemeza kiungo. Kumfungia wiki nzima kisha kumkimbiza msitu wa Karura Jumamosi asubuhi ni kosa baya zaidi, na Jumapili yake haamki. Kinachofaa ni matembezi mafupi ya dakika 10 au 15, mara mbili au tatu kila siku, akiwa kwenye kamba ili asiruke wala kugeuka ghafla. Kumrushia mpira aufukuze kuachwe. Kuogelea kwenye maji yaliyotulia na yenye vuguvugu ni zoezi bora, kwani maji huubeba mwili.

Mahali pa kulala pana uzito wake, hasa Limuru, Nyahururu na kwingineko ambako Juni na Julai huja na baridi kali. Mbwa wa ulinzi wengi hulala juu ya sakafu tupu ya saruji. Ubao ulioinuliwa kidogo kutoka chini, godoro kuukuu la sponji na magunia makavu humwondolea sehemu ya maumivu ya asubuhi kwa bei isiyofika ile ya sindano moja. Ndani ya nyumba zenye vigae, vipande vya zulia kwenye njia zake humzuia kuteleza. Kucha zikatwe. Ubao wa kupandia garini uwe na mipasuo au kitambaa cha kushikia miguu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo na kuwekwa kiungoni kwa dakika 10 kabla ya matembezi hulegeza ukakamavu, mradi mwenyewe aijaribu kwanza kwenye mkono wake.

Kuhusu virutubisho, mafuta ya samaki yenye omega-3 yana ushahidi wa kutosha wa kupunguza maumivu kidogo. Glukosamini na kondroitini, ambazo huuzwa kwa bei ghali na kwa ahadi nyingi, tafiti kadhaa zimezipima bila kuona faida ya kutajika. Mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine kabisa: yana vitamini A na D nyingi, na yakizidi humdhuru mbwa.

Wanaolea vilebu wa jamii kubwa wana nafasi ya kuliepuka tatizo mapema. Kilebu asinenepeshwe ili akue haraka, wala asiongezewe unga wa kalsiamu juu ya chakula kamili kwa imani kwamba atapata mifupa imara. Mwili mchanga wa mbwa haujui kukataa kalsiamu ya ziada, na mifupa yake huweza kukua vibaya. Anayenunua naye aombe kuwaona wazazi wote wawili wakitembea, na akiweza, eksrei za nyonga zao.

Hatimaye huja wakati ambapo dawa, lishe na godoro havitoshi tena. Baadhi ya madaktari huwashauri wenye mbwa kuweka alama kwenye kalenda, siku njema na siku mbaya, ili uamuzi usitegemee kumbukumbu ya siku moja. Mbwa asiyeweza kuinuka kwenda haja, asiyekula na asiyejali tena anayemwita, akiwa na siku mbaya nyingi kuliko njema, anaweza kupumzishwa na daktari wa mifugo kwa dozi kubwa ya dawa ya usingizi mshipani. Hupoteza fahamu kwa sekunde chache, na moyo husimama katika dakika zinazofuata. Kumtupa kando ya barabara ya mbali au kumtegea sumu kwenye nyama ni kumtesa, jambo ambalo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.